Moto Usio na Ndimi na Majivu ya Malolo

Watu wakisikia nimestaafu huniangalia kichwani kutafuta mvi. Hawazioni. Nimestaafu kijana, kwa uamuzi wa madaktari walioniambia kwamba mapafu yangu hayawezi tena kukaa karibu na moshi. Niliwauliza wamejuaje. Wakanionyesha picha. Nikauliza mashine iliyopiga picha ile ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Daktari mmoja akavua miwani, akasema, "Ndugu, kakohoe nyumbani." Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa hiyo, na sikumbuki nyingine.

Nawaandikia ninyi mtakaokalia kiti changu pale kiwandani Nachingwea. Mtakuta kompyuta mbili, moja nzima. Mtakuta nyaya za kupimia joto, mrija wa kunyonyea moshi kwa ajili ya vipimo, na kipande cha kioo cheusi cha kuchomelea kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kioo hicho msikitupe. Vyeo vyangu sitavieleza, maana hakuna hata kimoja kilichowahi kuwasha moto wala kuuzima.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Fundi Nandonde, mtunza boila, mtu mfupi mwenye macho mekundu wakati wote. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye uliyesomea moto?"

"Ndiyo, fundi."

"Chuo kikuu?"

"Ndiyo."

"Mke wangu anauwasha kila asubuhi, na hana hata cheti cha la saba." Akacheka mwenyewe, akakohoa, akanipa kile kioo cheusi. "Chungulia. Ukiona kitu ambacho hawakukufundisha, niambie."

Nilichungulia kwenye tundu la tanuru. Ndani maganda ya korosho yalikuwa yanaungua kwa ndimi ndefu za rangi ya chungwa, zikipanda na kuanguka, nyeusi kwenye ncha. Kwa wasiojua, korosho mbichi hupikwa kwa mvuke kabla ya kubanguliwa, na mvuke unatoka kwenye boila, na boila inakula maganda ya korosho za jana. Ni mpango mzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, na mafuta hayo yasipoungua yote hupanda na moshi, ukawa mchungu wa kukwaruza koo. Nilipotoka nje kutapika, Fundi Nandonde alinisubiri mlangoni na kikombe cha maji. Nadhani kikombe kile kilikuwa pale kwa ajili ya wageni wote.

Niliona jambo jingine siku ileile. Kuzunguka kiwanda kulikuwa na nyumba pande zote isipokuwa upande mmoja, ule ambao upepo huelekea karibu mwaka mzima. Kule kulikuwa na boma moja tu la ng'ombe na vibanda vitatu vya miti. Nikauliza kwa nini eneo zuri namna ile, tambarare, karibu na barabara, halina watu. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba lina watu, hao Wasukuma si wapo. Wenyeji walijua moshi unakwenda wapi tangu zamani na hawakujenga. Wafugaji walipofika kutoka kanda ya ziwa wakitafuta pa kukaa, walionyeshwa pale, na hakuna aliyeona haja ya kueleza zaidi.

Mwenye boma aliitwa Masanja. Alikuja getini mchana mmoja, fimbo begani, akamwambia mlinzi anataka kuonana na mtu anayehusika na moshi. Mlinzi akamleta kwangu, maana tayari nilikuwa nimepewa jina la Bwana Kwanini na ilionekana kwamba maswali yote ya kiwanda yanapaswa kumwagwa mezani kwangu.

"Mimi sina ugomvi," Masanja alisema kabla hajakaa. "Ng'ombe wanavumilia. Mama watoto anavumilia. Watoto wawili wadogo hawalali, wanakohoa mpaka wanatapika. Nimehama mara nyingi, sasa nimechoka. Niambie tu kitu kimoja. Nihame au nikae?"

Nilimwambia anipe muda. Akauliza muda wa nini. Nikamgeuzia kompyuta, nikamwonyesha picha ya tanuru iliyokatwa katikati, yenye rangi nyekundu, njano na buluu.

"Hii ni nini?"

"Ni moto."

Akaunyoosha mkono mbele ya kioo, kiganja wazi. "Hauna joto," akasema, akatoka.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu mtaulizwa na ndugu zenu na mtashindwa kujibu kama mimi. Tanuru unaligawa kwa kompyuta kuwa visanduku vidogo, maelfu kwa maelfu. Katika kila kisanduku unaiuliza kompyuta: hapa hewa inakwenda wapi, joto ni kiasi gani, oksijeni imebaki kiasi gani, mafuta ya maganda yameungua au bado. Kisanduku kimoja kinategemea jirani zake, na vyote vinategemea msukosuko wa hewa, ambao hakuna mtu duniani anayeuhesabu kwa ukamilifu. Tunakadiria. Mkikutana na mtu anayewaambia hakadirii, mwulizeni maswali mawili, la tatu hatalisubiri.

Wazo letu lilikuwa kuchukua sehemu ya moshi wa moto kabla haujafika kwenye dohani, kuurudisha tanuruni kwa feni, na kuupuliza kwa nguvu uchanganyike na hewa mpya. Oksijeni inakuwa chache lakini joto ni kali. Moto ukikosa oksijeni ya kutosha kuwaka kwa pupa sehemu moja, unasambaa. Unapoteza ndimi. Tanuru lote linakuwa na mwanga mmoja hafifu, na mafuta ya maganda yanaungua taratibu kila mahali, bila kubaki hata ya kupanda na moshi. Wengine walishafanya hivyo kwa gesi, kwenye matanuru safi yenye kuta zinazong'aa. Kwa maganda ya korosho sikuwa nimeona.

Mfano wangu wa kwanza wa tanuru kwenye kompyuta ulikuwa wa uongo. Ulidhani kwamba hewa na mafuta vikishachanganyika tu, vimeshaungua. Kwenye moto wa kawaida dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwenye moto wenye oksijeni kidogo ni upotoshaji, kwa sababu kuungua kunachelewa, kunakwenda mwendo mmoja na kuchanganyika, na wakati mwingine kunaachwa nyuma. Kompyuta ilinionyesha ndimi kali mahali ambapo nyaya zangu za joto zilisema hakuna kitu. Nilipoteza muda mwingi nikizilaumu nyaya. Nilizibadilisha, nikazisukuma ndani zaidi, moja ikayeyuka. Mwishowe nikauliza swali ambalo ningeliuliza mapema kama lingemhusu mtu mwingine: kwa nini naiamini kompyuta kuliko waya? Nikabadili hesabu, nikaruhusu kuungua kuchelewe, na rangi kwenye kioo zikatulia zikafanana na vipimo.

Siku tuliyowasha mtambo mpya, Fundi Nandonde ndiye aliyekuwa kwenye tundu. Tulifungua bomba la kurudisha moshi kidogo kidogo. Ghafla akaruka nyuma.

"Umezimika! Umeuzima moto, Bwana Kwanini!"

"Haujazimika, fundi."

"Nina macho mimi! Hakuna moto humu!" Alikuwa ameshashika kipini cha mlango wa tanuru, tayari kuingiza kuni za kuwashia. Angeufungua, hewa ingeingia kwa mkupuo na sijui tungeokota nini.

"Tazama geji."

Mshale wa mvuke ulikuwa umesimama palepale. Akautazama. Akautazama tena, akaugonga kwa ukucha kama anayebisha hodi. Akarudi kwenye tundu na kukaa hapo muda mrefu.

"Sasa huu ni moto gani," akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Moto hauna hata ulimi."

Tukatoka nje. Juu ya dohani hewa ilikuwa inatetemeka kidogo tu. Nilivuta pumzi kwa makusudi, kwa pua. Hakukuwa na uchungu. Nilitembea mpaka kwa Masanja kwa miguu, nikamkuta anakamua, nikamwambia: "Kaa." Hakunishukuru. Aliuliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Siku chache baadaye alianza kufyatua matofali.

Msimu ule ulipita vizuri. Nausema kwa kifupi kwa sababu ulikuwa mmoja.

Msimu uliofuata mojawapo ya mashine zetu za kubangulia iliharibika, kikasubiriwa kipuri ambacho hadi naondoka kilikuwa bado kiko njiani. Maganda yetu wenyewe hayakutosha kulisha boila. Meneja akaagiza maganda kutoka kwa vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mkono upande wa Ruangwa, Mandawa na Malolo. Yalikuja kwenye magunia, kwa fuso, yakiwa makavu na mazuri kuyatazama. Tuliyapima unyevu. Tulipima mafuta yake. Niliviingiza vipimo kwenye mfano, kompyuta ikasema tanuru litakwenda kama mwaka jana.

Kabla mwezi haujaisha, ndimi zilirudi. Kwanza upande mmoja wa tanuru, kisha pande zote. Harufu ikarudi. Fundi Nandonde alianza tena kuweka kikombe cha maji mlangoni, na mimi ndipo nilipoanza kukohoa kikohozi hiki nilichostaafu nacho, kwa sababu nilikuwa napanda juu ya tanuru kutwa nzima kuchukua vipimo. Kompyuta ilizidi kusema mambo ni shwari. Niliendesha hesabu upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kila mara tanuru la kwenye kioo lilikuwa safi, na lile la dirishani lilikuwa linatoa moshi.

Masanja alikuja. Safari hii hakuja na fimbo, alikuja na mtoto mgongoni, wa kiume, anayepumua kwa mlio.

"Nyumba imefika kwenye lenta," alisema. "Nipandishe au nibomoe?"

"Nipe muda."

"Ulishaniomba huo. Nilikupa." Akamsogeza mtoto ili nimsikie vizuri, kisha akaondoka naye.

Tuliuzima moto tukafungua bomba la kurudisha moshi. Nilitegemea masizi. Tulikuta limebanwa na kitu kigumu, cha kijivu, kinachong'aa kama kioo kilichoyeyuka vibaya, kimejipanga ukutani tabaka juu ya tabaka mpaka mkono wa Fundi haupiti. Moshi uliokuwa unarudi ulikuwa robo ya ule tuliouhitaji, na nguvu ya kuchanganya hewa ilikuwa imekwisha kabisa. Ndiyo maana mafuta yalikuwa yanapita mafungu mafungu bila kukutana na hewa. Nilivunja kipande, nikakipeleka kipimwe. Kilikuwa na chumvi za majivu ya kuni. Kwenye tanuru letu hatuchomi kuni, ila chache za kuwashia. Nilifungua gunia la maganda, nikatia mkono ndani kabisa. Ulitoka na unga wa kijivu.

Nikapanda pikipiki kwenda Malolo. Kikundi kilikuwa kinafanya kazi chini ya paa la bati, wanawake kama kumi na kitu, wamekaa kwenye vibao vifupi, kila mmoja na rungu lake dogo, jiwe lake, na kopo lake. Kiongozi wao alikuwa Bi Somoe, mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Nilimwamkia, nikaketi chini karibu naye. Aliingiza vidole kwenye kopo, akavipaka majivu hadi kwenye kiungo cha pili, akaweka korosho juu ya jiwe, akaigonga, ganda likaachia, punje ikatoka nzima. Tena vidole kwenye kopo.

"Majivu ya nini, mama?"

"Ya jikoni kwangu."

"Kwa nini si ya huyu jirani yako?"

Wanawake wakacheka. "Huyu ndiye Bwana Kwanini wa Nachingwea!" mmoja akasema. "Tumekusikia, baba. Ati uliuliza mpaka ukaugua!"

"Kila mtu anakuja na ya kwake," Bi Somoe alisema. "Nilipoolewa, mama mkwe alinipa kopo kabla hajanipa sufuria. Majivu ya kuni ngumu, yamechekechwa, hayana chenga. Mafuta ya ganda yakikushika bila majivu, ngozi inabanduka kama ya nyoka. Wewe huko kwenu mnapaka nini?"

"Sisi tunachoma tu, mama. Hatubangui kwa mkono."

"Ah. Basi nyinyi mnapata yaliyobaki kwetu."

Nikaokota ganda. Lilikuwa limepakwa kijivu, majivu yameshikana na mafuta kama unga kwenye mandazi. Nililisugua, hayakutoka. Nililikung'uta kwenye chekecheo lao, hayakutoka. Hapo nikajua kwamba kuchekecha hakutasaidia, na kuyaosha kungetuletea maganda yaliyolowa. Pale nilipokaa niliuona mfano wangu wote, maelfu ya visanduku vile, na katika vyote hakukuwa na hata kimoja chenye kidole cha mtu.

Bi Somoe alikuwa ananitazama. "Umepata ulichokifuata?"

Nikamweleza. Bomba, kioo cha kijivu, moshi, boma la mfugaji na mtoto anayepumua kwa mlio. Alisikiliza bila kuacha kugonga.

"Kwa hiyo majivu yetu ndiyo yanayokohoza watoto wa watu."

"Si majivu peke yake, mama. Ni yakichanganyika na joto la..."

"Majivu au si majivu?"

"Majivu."

Akaweka rungu chini. "Na ukilisema hilo huko kiwandani, watafanya nini?"

"Nitasema yote mawili. Majivu, na mikono yenu."

"Utasema mawili," alirudia. Akaokota rungu.

Nikayasema. Nilikuwa na njia tatu na niliziweka zote mezani: kiwanda kilete kipuri upesi na kiache maganda ya mkono, au bomba lizibuliwe mara kwa mara, maana yake boila isimame mara kwa mara, au akina mama watafutiwe kinga nyingine kabla hawajaambiwa waache majivu. Nilisisitiza neno kabla. Meneja, mtu msikivu sana usoni, aliitikia kwa kichwa kila njia. Wiki iliyofuata fuso lilikwenda Malolo na Mandawa na agizo kwamba maganda yenye majivu hayatapokelewa, na katoni la glavu.

Kuacha kuuza maganda akina mama hawakuweza, fedha yake walishaitegemea. Mnataka kujua glavu zilikuwaje. Zilikuwa za mpira, nene, za saizi ya wanaume. Kidole hakihisi punje, rungu linashuka, punje inapasuka, na punje iliyopasuka si korosho tena, ni chenga. Wakajaribu mafuta ya nyonyo. Punje zikanuka, mnunuzi akazikataa. Niliandika kuhusu hayo na kuyasema katika vikao, kwa kikohozi kinachozidi, mpaka ikawa nikiinua mkono watu wanaanza kutafuta dirisha la kufungua.

Na moto? Moto ukapona. Tulizibua bomba, tukalisha maganda yasiyo na majivu, ndimi zikapotea. Fundi Nandonde alichungulia akasema, "Karudi yule bubu wako." Nilipomwona Masanja akipandisha kuta juu ya lenta nilikwenda kumsalimia. Mtoto alikuwa anakimbiza ndama. Niliuliza usiku analalaje. "Analala," Masanja alisema, na safari hii alinishukuru, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Niliyanywa yote. Sikujua nifanye uso gani.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Malolo kuaga. Nilikuwa napumua kwa taabu hata kwa kuendesha pikipiki, nikapumzika kwenye nguzo ya banda kabla ya kuingia. Wanawake walikuwa wamepungua. Hakuna aliyenitania. Makopo yalikuwa yamepangwa pembeni, kifudifudi. Katoni la glavu lilikuwa juu ya boriti, kuku amelalia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikanyoosha mkono. Bi Somoe akageuza wake, akanipa kifundo. "Nishike hapa," akasema. Nilikishika. Chini ya kidole changu mshipa wake ulikuwa unapiga. Vidole alikuwa amevikunjia ndani, lakini niliviona. Ngozi imetoka, rangi ya nyama, na kucha moja haipo.

"Naambiwa unastaafu," alisema.

"Ndiyo."

"Mdogo hivyo."

"Ni mapafu, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari ya mvua. Kisha akauliza: "Ule moshi umeondoka?"

"Umeondoka."

"Na yule mtoto wa mfugaji?"

"Analala."

"Haya," alisema. Akaniachia, akavuta kibao chake karibu na jiwe, akazipuliza ncha za vidole, akachukua korosho nyingine.